Herufi ya Pili Ni K

Ukitaka kujua kama gari la polisi la zamani ni la asili, usianze na rangi. Nyeusi na nyeupe hupakwa na fundi yeyote kwa siku mbili tatu, na nyota ya mlangoni siku hizi ni stika tu. Anza na matundu. Panda juu ya kitu utazame paa: je, kuna mahali palipotobolewa kwa ajili ya taa, kisha pakazibwa? Tazama nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva, palipokaa taa ya kumulikia vichochoroni. Tazama mfuniko wa buti, palipokuwa na antena ya redio. Gari lililofanya doria kweli limetobolewa kama chujio, na anayelighushi mara nyingi husahau kutoboa, au hutoboa mahali pasipostahili.

Wanachama wenzangu na walimu wetu, najua gazeti letu limezoea taarab, mashairi na mjadala usiokwisha kuhusu pilau ya nani ndiyo pilau. Safari hii naomba mnivumilie. Jirani yetu hapa Ohio ni fundi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji ya kaunti akitengeneza magari ya sherifu. Mimi humwita Mzee. Amekwisha kulizoea jina hilo, ingawa mara ya kwanza alidhani ninazicheka mvi zake. Ana magari mawili ya polisi uani, Plymouth Fury ya mwaka 1972 na Chevrolet Caprice ya mwaka 1993, na kwa majira mawili ya joto mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi. Mengi ya nitakayoyasema nimeyaona nikiwa nimelala chini ya magari hayo, mafuta yakinidondokea shingoni.

Tuanze na historia kidogo, kwa sababu imeanzia hapahapa jimboni. Gari la kwanza la polisi Marekani lilitumika mjini Akron mwaka 1899. Lilikuwa gari la umeme, ndiyo, la umeme, na alilibuni mhandisi wa mji, Frank Loomis. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumbeba mlevi. Mwaka uliofuata, Agosti 1900, kundi la Wazungu wenye hasira liliuvamia mji likimtaka mtuhumiwa mmoja Mweusi limuue bila kesi. Polisi walikuwa wamekwisha kumhamishia Cleveland. Watu wale walichoma moto jengo la halmashauri, wakalichukua gari la polisi na kulitumbukiza kwenye mfereji. Wanaopenda magari haya hukisimulia kisa cha mlevi na kucheka. Kisa cha mfereji hukipitia haraka. Nitakirudia.

Miaka iliyofuata polisi walinunua magari ya kawaida kama raia wengine. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walianza kupeleka matangazo ya redio moja kwa moja kwenye magari ya doria, na mwaka 1933 mji wa Bayonne, New Jersey, uliwawezesha askari kujibu. Mwaka 1932 Ford ilileta injini ya V8 ya bei nafuu, ikapendwa na polisi na majambazi vilevile. Lakini toleo la polisi lililopangwa na kiwanda chenyewe, lenye vyombo vyake maalumu, Ford walianza kuliuza mwaka 1950, Chevrolet mwaka 1955 na Dodge mwaka 1956. Hapo ndipo swali la uasili linapopata maana, maana kabla ya hapo gari la polisi lilikuwa gari la kawaida lenye king'ora.

Wengi hudhani toleo la polisi ni taa na king'ora. Sivyo. Taa na king'ora mara nyingi viliwekwa baadaye, na gereji ya mji wenyewe. Kiwandani kilichobadilishwa ni kile usichokiona: rejeta kubwa zaidi, alternata yenye nguvu ya kulisha redio na taa hata gari likiwa limesimama, springi na shokapu ngumu, breki nzito, rimu za chuma zilizoimarishwa. Ndani, viti vya plastiki ngumu na sakafu ya mpira badala ya zulia, ili mtu akitapika pafutwe kwa kitambaa. Kuna vipande vya waya bapa vinavyounganisha boneti na bodi ili redio isiingiliwe na kelele za injini. Vipande hivyo ni vidogo, vinashika kutu, na havina sifa yoyote ya kupigiwa picha. Mzee huvitafuta kabla ya kitu kingine.

Halafu kuna spidi mita. Ya gari la polisi ina alama nyingi ndogondogo, kila maili mbili, na kwenye uso wake limechapwa neno la kuthibitisha kwamba imepimwa. Sababu yake ni mahakama. Kabla rada hazijaenea, askari alikuwa akilifuata gari la mkosaji kwa mwendo uleule, anasoma mshale wake, kisha anakwenda kuapa mbele ya hakimu. Mshale ukidanganya, kesi imeanguka. Kwa hiyo chombo hicho ni shahidi wa mahakamani, na spidi mita ya raia kwenye gari linalodaiwa kuwa la polisi ni sababu ya kumwuliza muuzaji maswali.

Sasa tuje kwenye namba ya chesi, ambayo kwangu mimi ndiyo sehemu tamu kuliko zote, pengine kwa sababu inafanana na sarufi. Magari ya Chrysler, yaani Dodge na Plymouth, kuanzia 1966 hadi 1980 yalikuwa na namba inayosomeka kama neno la Kiswahili: kila kipande kina maana yake. Herufi ya kwanza ni aina ya gari. Herufi ya pili ni daraja la bei: L ni la chini, M la kati, H la juu, T ni teksi, na K ni polisi. Tarakimu mbili zinazofuata ni umbo la bodi, na 41 ni milango minne. Baadaye injini, mwaka, kiwanda, na mwisho namba ya gari lenyewe. Kwa hiyo namba inayoanza na DK41 ni Dodge ya polisi yenye milango minne, na PK41 ni Plymouth Fury ya polisi. Mwalimu wetu wa ngeli angefurahi: badilisha kiambishi kimoja tu na maana yote imegeuka.

Kuanzia mwaka 1968 namba hiyo inatakiwa kuonekana kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele, kwa hiyo unaweza kuisoma kabla muuzaji hajamaliza kukusalimia. Rafiki mmoja wa Mzee hakuisoma. Alinunua Fury nzuri sana, rangi inang'aa, king'ora kinalia, taa mbili nyekundu juu, na stori ndefu kuhusu askari aliyeiendesha. Mzee aliizunguka mara moja, akainama kwenye kioo, akanyamaza. Herufi ya pili ilikuwa L. Gari la baba wa familia, lililokwenda kanisani na sokoni. Matundu ya paa yalikuwa yametobolewa juzijuzi, chuma chake bado cheupe pembeni. Kwa Kiswahili tunasema aliuziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa yeye gunia lilikuwa wazi.

Hata hivyo, L haimalizi kesi, na hapa nawaomba msikilize vizuri kwa sababu hata wakusanyaji wa siku nyingi hugombana. Miji midogo haikuwa na fedha za toleo la polisi. Mkuu wa polisi alikwenda kwa muuzaji wa magari wa hapohapo mjini, akanunua gari lililokuwepo, fundi akaweka taa. Gari kama hilo halina K lakini lilikuwa la polisi kweli. Na kinyume chake, lipo gari lenye K ambalo halikuwahi kubeba taa ya juu hata siku moja, kwa sababu lilikuwa la wapelelezi, na mtu akiliwekea taa leo atakuwa ameliharibu. Kiwanda kinakuambia gari lilizaliwa nani. Halikuambii liliishi vipi.

Kwa maisha yake unahitaji karatasi. Chrysler walikuwa na kibati cha alama kilichofungwa chini ya boneti, na karatasi ya kiwandani iliyofuatana na gari kwenye mstari wa kuunganishia. Wafanyakazi waliiacha humo humo, mara nyingi ndani ya springi za kiti. Hadi leo watu wanaitoa ikiwa ya kahawia, imetafunwa na panya, lakini inasomeka. Ila kwenye magari ya polisi hupatikana kwa nadra, na sababu yake ni ya kazi: askari walizoea kukiinua kiti cha nyuma kutazama mtuhumiwa ameficha nini chini yake. Miaka mitatu ya kuinuliwa kila siku, karatasi itabaki wapi?

Ford wana njia yao. Maagizo maalumu ya polisi na ya mashirika yalipewa namba ya agizo la wilaya, na mtu anaweza kuipata kwenye kumbukumbu za Ford, kuanzia magari ya mwaka 1967, ambazo leo zinatunzwa na ofisi ya Kevin Marti. Ripoti yake ndiyo inayotegemewa na wenye Mustang za polisi. Msishangae, Mustang: polisi wa barabara kuu wa California walizinunua mwaka 1982 kwa sababu magari makubwa ya wakati ule yalikuwa yameishiwa nguvu na hayawezi kumkimbiza mtu, na majimbo mengine yakafuata hadi 1993. Chevrolet ndio wenye taabu. Namba ya chesi ya Chevrolet za miaka ya 1960 haikuambii chochote kuhusu polisi. Kwenye Caprice za miaka ya 1980 na 1990 mambo ni rahisi zaidi: ndani ya buti kuna stika ndogo nyeupe iliyojaa alama, na ukiona 9C1 umepata toleo la polisi, 9C6 ni teksi. Tatizo ni kwamba gari likigongwa nyuma na kubadilishiwa mfuniko, stika imekwenda na mfuniko wake.

Kisha kuna ushahidi wa mji wenyewe: kumbukumbu za halmashauri za ununuzi, picha za gazeti la mtaani, askari wastaafu. Mzee anasema askari mstaafu akumbukaye namba ya gari lake ni wa kuaminiwa, na anayekumbuka kila kitu si wa kuaminiwa.

Taa nazo zina tarehe zake. Kwa miaka mingi taa iliyotawala ilikuwa ile moja ya duara ya kampuni ya Federal, kama bakuli jekundu lililopinduliwa. Baadaye ikaja mihimili mirefu yenye spika ya king'ora katikati. Polisi wa jimbo la Michigan hadi leo wanaendesha magari ya buluu yenye taa moja nyekundu juu. Kosa la kawaida la waghushi ni kuchanganya miaka: gari la 1965 lenye mhimili wa taa wa 1985 ni sawa na kumvisha bibi sare ya shule. Redio vilevile. Motorola ya zamani ilikuwa na sanduku kubwa zito ndani ya buti na kidude kidogo tu cha kuongelea mbele. Likiwa halipo, tafuta alama za boliti zake sakafuni.

Kwa nini ya asili ni machache? Kwa sababu hakuna aliyefikiri yatatakiwa. Gari la polisi lilifanya kazi usiku na mchana, kisha mji ukalivua taa, ukaipaka milango rangi na kulipeleka mnadani. Wenye teksi walilinunua kwa sababu lilikuwa imara, wakalimaliza. Yaliyobaki yalikwenda kwenye chuma chakavu au kwenye sinema. Ile filamu ya mwaka 1980, The Blues Brothers, ambayo gari la mashujaa wake ni Dodge Monaco ya 1974 iliyokuwa ya polisi, iliangamiza makumi ya magari ya polisi yaliyostaafu. Wakusanyaji wanaipenda filamu ile na kuililia kwa wakati mmoja. Wengine hutengeneza nakala za magari ya tamthilia, kwa mfano Plymouth na Matador za Adam-12, na mimi sioni ubaya wowote ikiwa mtu anasema wazi kwamba ni nakala. Ubaya ni kuiuza kwa bei ya asili. Na ubaya mkubwa zaidi, ambao si mzaha, ni kung'oa kibati cha namba ya chesi kutoka gari bovu na kukipachika kwenye jingine. Hiyo ni jinai, hata kama magari yote mawili ni yako.

Sasa nirudi kwenye mfereji wa Akron. Mwaka jana Mzee alinialika nikae naye ndani ya Fury kwenye maandamano ya tarehe 4 Julai. Nilimwambia mama. Mama alikulia Tanga, na kwake neno la gari la polisi ni moja tu. Akaacha kukata vitunguu, akasema, "Mwanangu, karandinga halipandwi kwa hiari." Nikajaribu kumweleza kuhusu herufi K na spidi mita. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa sababu ni mama yangu, kisha akaniuliza: "Na wale waliokuwa wanakaa nyuma, huyo Mzee wako anayo majina yao?"

Sikuwa na jibu, nikampelekea Mzee swali lilivyo. Yeye hakukasirika. Alikaa juu ya ndoo yake akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema kabla: kwamba asubuhi nyingine kazi yake ya kwanza gerejini ilikuwa kuosha kiti cha nyuma, na haikuwa kwa sababu ya matope.

Tangu siku hiyo nikienda kwenye maonyesho natazama nyuma kwanza. Nimegundua jambo. Upande wa mbele wa magari haya umerudishwa kwa uangalifu wa ajabu, mpaka aina ya skrubu, na upande wa nyuma una kiti kipya kabisa, kimeshonwa upya, hakina hata mkwaruzo. Vitasa vya milango ya nyuma, ambavyo polisi waliviondoa au kuvifunga ili asiyetakiwa kutoka asitoke, vimerudishwa ili watoto wapande na kushuka vizuri. Watu hao hao wanaoweza kubishana saa nzima kuhusu mwaka wa taa wameifuta nusu ya gari. Kama uasili ndio shabaha, basi plastiki iliyokwaruzwa na pingu ni kitu cha asili kuliko nyota ya mlangoni. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wa wakusanyaji ni askari wastaafu, watu wakarimu wanaokupa soda na kukujibu maswali yote, na magari haya ni ujana wao. Nasema pia nikijua kwamba gari la jimbo la Alabama la mwaka 1965 linaweza kuwa lilikuwepo Selma tarehe 7 Machi, siku askari walipowapiga waandamanaji darajani, na mwenye gari hilo ana wajibu wa kutafuta kama lilikuwepo kwa bidii ileile anayotafutia kibati cha chini ya boneti.

Mzee na mimi tulikubaliana nusu. Fury ilikwenda kwenye maandamano, taa zimefunikwa kwa kitambaa cheusi kama anavyofanya kila anapoitoa barabarani, kwa sababu sheria za taa zinatofautiana jimbo kwa jimbo na kujifanya askari ni kosa kila mahali. Mimi nilitembea pembeni. Kiti cha nyuma, alichokuwa amekiagizia kitambaa kipya, amekiacha kilivyo. Kwenye kibao cha maelezo ameongeza mstari mmoja kuhusu kazi ya kukiosha. Mama alikuja kuutazama, akausoma mara mbili, akamsalimia Mzee kwa kumshika mkono. Ndani ya gari hakuingia.

Kwa wanachama wanaotaka kuanza, gari la kujifunzia liko karibu kuliko mnavyodhani. Ford Crown Victoria ya polisi, iliyounganishwa St. Thomas, Ontario, ndiyo mlioizoea kuiona kwenye kioo cha nyuma mkiwa wadogo. Wenye jamaa Ghuba wataijua pia, kwani iliuzwa sana kule, na ya mwisho kabisa, iliyotoka kiwandani tarehe 15 Septemba 2011, ilikuwa ya kwenda Saudi Arabia. Za mwanzo zimekwisha kuvuka miaka 25, umri ambao Ohio inakuruhusu kuomba namba za gari la kihistoria. Tazama namba ya chesi kuanzia nafasi ya tano: ukiona P71 ni ya polisi, na tarakimu 2 mwanzoni ni Kanada.

Mmoja wetu anayo, aliinunua mnadani ili imfikishe darasani, na huiegesha nyuma ya maktaba. Tuliikagua Ijumaa iliyopita baada ya mkutano. P71 ipo. Chini ya kiti cha nyuma tulikuta kalamu, senti 35 na kifungo cha shati. Kwenye nguzo ya dereva lipo tundu la taa, na mvua ikinyesha maji yanamwingilia mguuni, kwa hiyo alikuwa amepanga kulichomelea. Nimemwomba aweke plagi ya mpira, na Mzee ameahidi kumpa moja bure.